Cheti cha kompyuta ninacho, mbona usaili nakwama? Jibu kwa binti wa Newala

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 26 niko Newala, nina stashahada ya utunzaji kumbukumbu. Nimeomba kazi serikalini mara saba, zote nimeombea steshenari, nimeitwa usaili mara mbili. Mara ya pili nilifika hadi vitendo, wakanipa jedwali nichape, nikachapa vizuri, alafu wakaniambia niongeze safu moja katikati, hapo kila kitu kikahama nikaishiwa muda. Kila tangazo linataka ujuzi wa kompyuta na mimi cheti cha kompyuta cha miezi mitatu ninacho. Saivi kuna chuo wameniambia nilipe laki tatu na nusu nisome programingi wiki nane, wanasema ndo serikali inachotaka. Baba yuko tayari kutoa hela ya korosho. Nilipe? Naambatanisha barua yangu ya maombi uiangalie."

Marahaba mwanangu, na pole kwa safari zote hizo. Naanza na hela ya mzee mana ndo inayonikaa rohoni: usilipe. Sisemi programingi ni mbaya, ni kazi nzuri na ina wenyewe, ila wewe unaomba nafasi ya masijala, yani pale barua na majalada yanapotunzwa, na katika matangazo yote ya Msaidizi wa Kumbukumbu niliyoyasoma sijaona hata moja linalotaka mtu wa kuandika programu. Anayetakiwa kwa hilo ni Afisa TEHAMA, mtu wa kompyuta na mifumo, na yule anaingia kwa elimu ya fani yenyewe, haingii kwa kozi ya wiki nane. Mzee kapalilia, kapuliza salfa, kaokota, kapeleka ghalani, kasubiri mnada, alafu hela yake iende kununua karatasi ambayo kwenye nafasi unayoomba haina pa kukaa? Hapana mwanangu, mrudishie mwambie nimekataa mimi.

Tatizo lako nimeliona kwenye barua uliyoniambatanishia, na nimeliona kabla hata sijaanza kuisoma. Nilipoifungua kwenye kompyuta yangu anwani yako iliyotakiwa ikae juu kulia imevunjika, mstari mmoja uko kulia, wa pili umerudi katikati, tarehe imeangukia chini peke yake. Nikabonyeza ile alama ya aya pale juu inayoonyesha vitu vilivyofichwa, nikakuta vidoti vimepangana kama siafu, yani spesi, spesi, spesi, nimehesabu mstari mmoja una spesi arobaini na tatu. Umeisukuma anwani kwa kidole mpaka ikafika kulia. Kwenye kompyuta ya steshenari ilikaa vizuri mana ndo uliyoandikia, ikifunguliwa kwenye nyingine yenye mwandiko tofauti inasambaratika.

Na ndo hicho hicho kilichokuangusha kwenye usaili. Lile jedwali nina hakika hukulitengeneza kama jedwali, ulichora kwa spesi na tabu, na kwa macho lilipendeza. Msimamizi aliposema ongeza safu katikati alikuwa hapimi kama unajua kuchapa, alikuwa anapima kama kilichopo kwenye skrini ni jedwali kweli. Lingekuwa jedwali kweli, ni kubonyeza kulia kwa mausi, kuchagua kuingiza safu, sekunde tano umemaliza. Nimefundisha vijana wengi wa Masasi, Nachingwea, Ruangwa, Kilwa, na karibu wote wanakuja na kosa hili, na sio kosa lao, wamefundishwa na watu waliokuwa na kompyuta tano kwa wanafunzi thelathini, kila mtu anagusa dakika kumi alafu anampisha mwenzie, mwisho wa miezi mitatu kila mmoja anapewa cheti chenye muhuri na orodha ya masomo ambayo mikono haijawahi kuyafanya.

Sasa twende kwenye hayo maneno ya tangazo, mana watu wanayasoma haraka sana. Chukua tangazo la Mwandishi Mwendesha Ofisi, hawa tuliokuwa tunawaita makatibu mahsusi. Pale wameandika wazi kabisa, awe na hatimkato (ule mwandiko wa alama za kifupi wa kunakili mtu anavyoongea) ya Kiswahili na Kiingereza maneno 100 kwa dakika, alafu awe na cheti cha kompyuta kutoka chuo kinachotambuliwa na serikali, na programu wamezitaja kwa majina: Windows, Microsoft Office, intaneti, imeli na Publisher. (Na hapo wengi wanachanganya, maneno 100 ni ya hatimkato, sio kasi ya kuchapa kwenye kibodi.) Kwaiyo dada anayeomba uandishi bila cheti hicho anachujwa mapema. Lakini tangazo la kwako wewe, Msaidizi wa Kumbukumbu, linasema elimu ya masijala alafu linamalizia kwa maneno mafupi tu, "awe na ujuzi wa kompyuta". Basi. Hawakutaja programu. Watu wanaona kwakuwa ni fupi basi ni jepesi, mimi naona kinyume chake, mana pale wamejiachia nafasi ya kukupima kwa chochote ambacho masijala ya leo inafanya, na masijala ya leo sio ile niliyoingia mimi.

Mimi nilianzia Lindi. Barua ikija unaigonga muhuri wa kupokelea, unaiandika kwenye rejista, unatafuta jalada lake, unaipa folio, yani namba yake ndani ya jalada, unaandika kwenye dokezo inaenda kwa nani, alafu mhudumu anabeba majalada kwapani anazunguka nayo ofisi kwa ofisi. Jalada likipotea mnatafutana wiki nzima, kumbe liko chini ya meza ya mkuu wa idara aliyekwenda likizo. Kwenye ofisi zinazotumia ofisi mtandao barua inaskaniwa, inasajiliwa kwenye mfumo, inaunganishwa na jalada, inaelekezwa kwa mhusika, na mkubwa anaona iko kwa nani na imekaa siku ngapi. Hatua ni zile zile ulizosoma chuoni, folio ni folio, ila sasa ukiskani kurasa mbili zikaungana au ukiipa faili jina la "skani0047" hakuna atakayeipata tena. Wanamtafuta mtu wa namna hiyo, anayejua kumbukumbu na mkono wake hautetemeki kwenye mashine.

Na usidhani ni masijala peke yake. Tangu Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 mambo yamekimbia sana. Mtendaji wa kijiji anakusanya ushuru kwa mashine ya POS na hela inaenda benki kwa kontrol namba, ile namba ya malipo ya serikali, kile kitabu cha stakabadhi cha kubeba kwenye rambo kimekwisha. Leseni ya biashara iko TAUSI, mfumo wa mapato wa halmashauri. Nesi wa kituo cha afya anaandika mgonjwa kwenye GoTHOMIS, mfumo wa vituo vya afya. Manunuzi yote ya serikali yako kwenye mfumo wa NeST tangu 2023, hadi fundi mwashi wa kijijini anayetaka kujenga darasa la serikali anatakiwa awe amesajiliwa humo. Na mtumishi yeyote yule, awe dereva awe mwalimu, akitaka likizo au uhamisho anaingia ESS, mfumo wa mtumishi kujihudumia mwenyewe, na ule upimaji wa utendaji tuliokuwa tunajaza kwenye fomu za karatasi za OPRAS umehamia mfumo wa PEPMIS, unaweka malengo yako mwenyewe na unajaza ulichofanya. Nimeshuhudia mtumishi mwenye miaka ishirini na mitano kazini anamwita mtoto wa shule amjazie, anampa na paswedi. Inauma, mana ni mtu mchapakazi kweli kweli, ila mfumo haumwoni yeye unaona alichojaza mtoto. Ndo maana siku hizi mwajiri anataka mtu ambaye hatohitaji kujaziwa kuanzia siku ya kwanza.

Hapo sasa nije kwenye jambo ambalo hukuuliza lakini lipo kwenye maelezo yako, umesema mara zote saba umeombea steshenari. Imeli iliyoko kwenye akaunti yako ya Ajira Portal, ile tovuti ya kuombea kazi serikalini, ni ya nani? Paswedi anayo nani? Nauliza kwasababu hii ndo inayoua vijana wetu wa kusini kimya kimya. Kuna binti alikuja kwangu analia, kijana wa steshenari alimfungulia akaunti kwa imeli yake yeye kijana, ile ile aliyofungulia na wengine, kwa wema tu mana binti hakuwa na imeli. Mwaka uliofuata kijana kahama mji, laini haipatikani. Binti jina lake limetoka kwenye orodha ya walioitwa usaili, analiona kabisa kwenye PDF, lakini namba ya usaili mtu anatakiwa aingie kwenye akaunti yake ainakili mwenyewe, Sekretarieti ya Ajira inasemaga kabisa kwenye tangazo kwamba namba hizo hazitatolewa siku ya usaili. Hakuweza kuingia. Stashahada anayo, vyeti vyake halali, namba hana.

Kwaiyo kabla ya kozi yoyote, wiki hii fungua imeli yako mwenyewe kwa simu yako, ingia Ajira Portal ubadilishe, na ukishindwa kubadili watafute Sekretarieti wenyewe usaidiwe. Alafu kaa na hiyo akaunti uisome sehemu zake zote, kuna elimu, uzoefu, wadhamini, lugha, na kuna sehemu ya ujuzi wa kompyuta. Wengi wanairuka hiyo au steshenari anawawekea chochote. Jaza kile unachokiweza, mana ukidanganya usaili ndo utakaosema ukweli. NIDA yako iwe sawa na majina ya vyeti, na yakitofautiana shughulikia kiapo cha jina mapema sio siku moja kabla. Na kuomba ni bure, akitokea mtu anataka hela ya "kukupitisha" huyo ni tapeli, hata kama ni mtu mnayesali naye.

Jifunze pia kuskani cheti kwa simu kikatoka PDF moja safi, kurasa zimefuatana, haina kivuli cha mkono wako, na ukubwa wake mfumo unaukubali. Hiyo peke yake ni ujuzi wa kompyuta, tena ni masijala ile ile uliyosomea. Na usingojee siku ya mwisho ya tangazo. Unakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita tarehe 4, barabara ya Dar ikakatika kule Somanga tukawa kama kisiwa, haijatimia siku kumi kebo za baharini nazo zikakatika intaneti ikasuasua nchi nzima. Kama tangazo lako lilikuwa linafungwa wiki ile na wewe ulikuwa unasubiri "kesho", ungemlaumu nani?

Haya, nini ujifunze. Nitakupa zoezi moja tu, na ukiliweza lote ukalifanya bila kuangalia popote nakuhakikishia usaili wa vitendo hautakutisha. Fungua Excel. Mstari wa kwanza juu uache wa vichwa. Safu ya kwanza (safu ni ile inayoshuka toka juu kwenda chini) majina ya wakulima ishirini wa AMCOS yenu, yani chama cha msingi cha wakulima, andika ya kubuni. Safu ya pili kilo za korosho alizopeleka kila mmoja. Ya tatu malipo kabla ya makato, ya nne makato, ya tano anachopata. Sasa bei ya mnada usiirudie kwenye kila mstari, iweke sehemu moja tu juu, tuseme seli G1 andika 3000, na makato ya kila kilo weka G2, tuseme 250, ni tarakimu za kujifunzia tu. Mkulima wa kwanza mwenye kilo 420 kwenye B2, malipo yake kwenye C2 andika =B2*$G$1, itatoka 1,260,000, makato kwenye D2 =B2*$G$2 inatoka 105,000, alafu kwenye E2 toa, =C2-D2, anabaki na 1,155,000. Shika ile kona ya seli vuta mpaka chini, wote ishirini wamehesabiwa.

Zile alama za dola zinaifungia seli isihame wakati unavuta. Zitoe ujaribu uone zinavyoharibika, lazima uharibu ndo uelewe. Ukimaliza badilisha ile 3000 iwe 3150, kama mnada wa pili bei imepanda, na uangalie ukurasa mzima unavyogeuka wenyewe. Nakumbuka siku nilipoiona hiyo mara ya kwanza nilibaki nimeshika mausi tu, mana tulikuwa tunapiga kikokotozi usiku kucha kazi ya namna hiyo, na bei ikibadilika tunaanza upya. Wengi ninaowapima wanachapa namba kwenye Excel vizuri alafu wanachomoa simu, wanajumlisha kwa kikokotozi cha simu, wanaandika jibu kwa mkono. Msimamizi akibadilisha namba moja tu, jumla inabaki vile vile, na hapo ameshajua.

Endelea kwenye faili hilo hilo. Panga majina kwa alfabeti bila kilo za mtu kuhamia kwa mwingine. Chuja waliovuka kilo 500 tu. Weka kichwa kijirudie kila ukurasa ukiprinti. Alafu ingia Word, waandikie hao wakulima barua ya kuwajulisha malipo, barua moja tu lakini jina na kiasi vinatoka kwenye ile Excel vyenyewe, inaitwa kuunganisha barua, kwenye menyu ya Word imeandikwa Mail Merge na watu hawaigusi. Anwani yako iweke kulia kwa kitufe cha kupanga kulia, marufuku spesi. Itoe PDF, ipe jina linaloeleweka lenye tarehe, iweke kwenye folda yake, itume kwa imeli yenye kichwa cha habari na maneno mawili matatu ya heshima, sio imeli tupu yenye kiambatanisho tu.

Alafu fanya yote hayo kwa saa. Hili nalisisitiza mana Sekretarieti imeshaanza kufanyisha usaili wa mchujo kwenye kompyuta, na usaili mwingine unafanyikia mikoani kama ule wa walimu wa 2025, kwaiyo ule unafuu wa kusema nauli ya Dodoma ndo kikwazo unapungua, kinachobaki ni wewe na skrini na dakika zinazohesabika. Mtu asiyezoea mausi anatumia robo ya muda kutafuta mshale uko wapi.

Utauliza kompyuta utaipata wapi. Usikope laptopu saivi. Msimu wa korosho vyama vya msingi vinakuwa na kazi nyingi sana, mizani, orodha, malipo, mnada wenyewe siku hizi unaendeshwa kwa mfumo wa TMX, soko la bidhaa la mtandaoni, na karani anayejua Excel wanamhitaji hata kwa posho ndogo. Nenda na barua yako kwenye AMCOS yenu, nenda na kwa mtendaji wa kata, nenda halmashauri idara ya utumishi uombe kujitolea masijala, wakikubali sema unaomba na kukaa kwenye kompyuta, usiishie kubeba majalada na kuchemsha chai. TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, nao wana mafunzo ya vitendo kazini kwa wahitimu, jisajili. Miezi sita ya kazi halisi na barua ya utambulisho ya ofisi inaingia kwenye sehemu ya uzoefu pale portal, na kwenye mahojiano una la kusimulia, ulipokea barua ngapi, ulizipangaje, jalada gani lilikusumbua.

Na kama hela ya mzee lazima itumike kwenye masomo, basi ulizia kozi fupi Chuo cha Utumishi wa Umma tawi la Mtwara au VETA, vyuo vya ufundi stadi, na popote utakapokwenda uliza maswali mawili kabla ya kulipa: chuo kimesajiliwa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, na kila mwanafunzi anakaa na kompyuta yake peke yake saa ngapi kwa siku. Wakijiuma uma kwenye swali la pili ondoka. Kuna watakaokuambia cheti kinapatikana bila kusoma, huyo mkimbie kabisa, mwaka 2017 watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, na wapo waliokuwa wameshajenga na kusomesha watoto kwa mshahara huo.

Barua yako nimekurudishia kwa imeli na sijarekebisha chochote ndani yake, nimekuwekea alama za njano tu mahali palipoharibika. Ichape upya wewe mwenyewe kwa mikono yako, usimpe wa steshenari, mwanzo mpaka mwisho, anwani kulia, tarehe mahali pake, na ile aya ya tatu unaposema una "ujuzi mkubwa wa kompyuta" ifute uandike kitu kimoja unachoweza kukifanya hata ukiamshwa usiku. Alafu nitumie pamoja na lile faili la wakulima ishirini, usinitumie picha ya skrini, nitumie faili lenyewe nibadilishe bei nione.